Hisa Alizoona Aibu Kuuza

Tulipotoka Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mama mmoja alimuuliza kijana aliyekaa naye kwenye chapa, basi dogo la abiria, mbona haachi kuitazama simu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yao.

"Natazama bei ya hisa, mama," akajibu kijana. Alijitambulisha kuwa ni Fauzi, mwalimu wa shule ya msingi. Akaeleza kuwa minazi ya mama yake ilipokatwa kupisha mradi wa gesi, alichukua fedha za fidia akanunua hisa za kampuni moja ya nje. Alikusudia kuzishika siku tano tu, zipande, auze, kisha azirudishe fedha bila mama yake kujua.

"Hazikupanda?"

"Zilipanda sana."

"Sasa mbona hukuuza?"

"Niliona aibu. Kwenye grupo letu la simu wote walisema wanangoja zipande zaidi. Sikutaka kuonekana mwoga. Wiki iliyofuata zikaanguka, na mpaka leo hazijainuka."

Grupo hilo, nadhani, halikuwa na habari za minazi.

"Mama yako anajua?"

"Anajua fedha ziko benki. Yuko Quitunda, leo nakwenda kumwambia."

"Hata mimi nakaa Quitunda. Tutashuka pamoja, nikusindikize."

Chapa iliposimama Quitunda, yule mama alishuka, akasimama mlangoni kumngoja. Fauzi hakuinuka. Alimgeukia cobrador, mkusanya nauli, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye anaendelea mpaka Olumbi.