Nyumba Sitini na Moja za Susana Nzula

Marehemu Susana Nzula Mwau alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Mbooni, Ukambani, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Mbaluka na hayati Mama Wavinya. Alipenda kutuambia kwamba kwao kulikuwa na mteremko mkali, hata ukiangusha chungwa mlangoni unalifuata mpaka kwa jirani. Labda ndiyo sababu alipenda mno kila kitu kilichokaa sawasawa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, kisha akasoma sekondari Machakos hadi kidato cha nne mwaka 1974. Huko mwalimu wa jiografia alimkuta akichora chini ya dawati badala ya kusikiliza. Ilikuwa ramani ya njia ya kwenda kisimani, kila mti mahali pake, na mbwa mkali wa jirani amewekewa msalaba mwekundu. Darasa zima lilingojea kiboko, lakini mwalimu aliichukua ile karatasi akaibandika ukutani. Mwaka uliofuata Nzula alikuja Nairobi kusomea uchoraji wa ramani, msichana peke yake katika darasa la wavulana kumi na tisa.

Alipohitimu alizunguka ofisi za mjini miezi mingi akiambiwa anatafutwa mwanamume. Bwana Makau, mpima ardhi mwenye ofisi yake, ndiye aliyemwonyesha meza karibu na dirisha mwaka 1978 akamwambia, "Kaa hapo, tuone mkono wako." Alikaa hapo miaka thelathini na saba. Wapimaji walirudi kutoka nyanjani na madaftari yao, naye akageuza tarakimu zao kuwa milima na mito. Katika pembe ya kila ramani aliandika herufi zake tatu, S.N.M. Nyumbani tulikoma. Keki ya Krismasi ilikatwa kwa rula, na pazia likining'inia upande hali mpaka alinyooshe.

Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na Bwana Mwau, fundi wa umeme, katika kanisa letu la Uthiru. Bwana Makau na mkewe ndio waliokuwa wasimamizi wa arusi. Mungu aliwajalia watoto watatu, Joyline, Haron na Janice. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi familia yetu ilikula kwa akina Makau kule Kitisuru, au wao wakaja kwetu.

Sasa tufike mwaka 1996, maana Mama mwenyewe aliagiza tufike. Mwaka huo alichora ramani ya msitu wa Tarakwonet, magharibi mwa nchi. Humo wanaishi watu ambao tangu jadi hufuga nyuki, na kila ukoo una miti yake ya kutundikia mizinga. Wapimaji walikuwa wameandika nyumba sitini na moja, zote za nyasi, na Mama akazichora zote. Kisha akachukua wembe akaukwangua wino wa kila nyumba, moja baada ya nyingine, hadi msitu ukabaki mweupe. Sababu hakutuambia. Alisema tu kwamba ramani ilitakiwa safi.

Mwaka 2014 benki moja ya maendeleo ya nje ilikubali kugharimia bwawa kubwa Tarakwonet. Wenye mradi waliitoa ile ramani wakasema msituni hamkuwa na mtu, kwamba walioko ni wavamizi wa juzi, basi waondoke. Wakili wa watu wa msituni, Nyawira, mwenye chumba juu ya duka la wachapaji pale River Road, aliziona zile herufi tatu pembeni. Akaulizauliza hadi akafika Uthiru mwaka 2016, Mama akiwa ameshastaafu.

Mama alimsikiliza, akampa chai, na hakukiri chochote. Alikubali tu kwenda kuchora ramani mpya, ambayo bibi mmoja kutoka msituni angeitaja kwa mdomo. Bibi Taprandich alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu, hajakanyaga darasa, na macho yalikuwa yamemwisha. Walikaa siku tatu kwenye kile chumba cha River Road, wauza mabomba wakipigiana kelele chini.

"Kwanza andika ile maji," Bibi alisema. "Ukipanda, mkono ya kulia iko mti ya ukoo ya baba yangu. Mizinga nne. Umeandika?"

"Nimeandika, Bibi."

"Sasa panda tena."

Alipanda naye hivyo kilima kwa kilima, kijito kwa kijito, hakurudi nyuma hata mara moja. Mama aliyezoea vyombo vya shaba na hesabu za pembe tatu alikuwa anashikwa na bumbuazi. Siku ya tatu wakafika kwenye nyumba. Bibi alisema angetaja zile zilizokuwako mwaka ule walipokuja watu wenye kifaa cha miguu mitatu. Akataja kila nyumba kwa jina la mama mwenye nyumba. Alipomaliza akaomba maji ya kunywa.

Wakili Nyawira alihesabu. Zilikuwa sitini na moja.

Wakili hakujua maana ya idadi hiyo. Madaftari ya wapimaji yalikuwa yametupwa ofisi ilipohama, na katika chumba kile ni mtu mmoja tu aliyewahi kuzihesabu nyumba hizo. Mama aliweka kalamu chini akalia, akamshika mkono yule bibi. Alitusimulia hayo miaka kadhaa baadaye. Alisema amefanya kazi na ramani maisha yake yote, na siku hiyo ndiyo aliyokutana na ramani yenyewe.

Alirudi nyumbani akamwambia Baba kila kitu. Baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimuuliza, "Nzula, hii maneno utaiweza? Watakupaka matope."

"Wacha wapake," alijibu. "Sitini na moja, Mwau. Nilizitoa na mkono yangu."

Kikao cha wakaguzi wa benki kilifanyika katika hoteli moja ya katikati ya mji, mwezi Machi 2018. Mama alivaa suti yake ya kijani ya kanisani. Bwana Makau alikuwa ameketi safu ya tatu. Mama akaeleza alivyochora na alivyokwangua. Wakili wa mradi akasimama.

"Mama, kazi ya ofisi haifanywi hivyo tu. Nani alikuambia ukwangue?"

"Mkono ni wangu."

"Ama ulikosea kuchora, ukaona aibu, ukafuta?"

"Mkono ni wangu," alisema tena.

Basi ikaandikwa kwamba mchoraji alifanya uzembe. Mwanamke ambaye hakuwahi kupindisha mstari akaitwa mzembe mbele ya watu, na mjini watu wa kazi yake wakaacha kumsalimia. Tulipomuuliza kwa hasira mbona hakutaja aliyemtuma, alituambia kwamba angemtaja mtu, kikao chote kingegeuka ugomvi wa watu wawili wa Nairobi, na nyumba zingesahaulika tena. Jumapili za Kitisuru zilikoma. Hiyo ilimuuma kuliko kuitwa mzembe.

Mwaka 2019 benki ilisimamisha fedha za bwawa. Watu wa Tarakwonet hawajahamishwa, ingawa kesi ya hatimiliki ingali kortini.

Agosti mwaka jana Mama aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Aliivumilia kwa ucheshi wake, akiwakosoa wauguzi waliotandika shuka upande. Akatuonya, "Mkiandika wasifu wangu, ile ya wembe muiweke. Msinipambe." Alifariki Jumamosi, tarehe 10 Mei 2025, saa tatu asubuhi, Baba akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mume wake Mwau, watoto Joyline, Haron na Janice, wajukuu watano, dada yake Nzisa, na familia za Tarakwonet, ambazo wawakilishi wao wako hapa nasi. Bibi Taprandich yu hai, na ametuma asali.

Jumanne wiki hii Bwana Makau alikuja Uthiru, miaka saba tangu tumwone. Aliomba kuisoma karatasi hii kabla haijaenda kuchapwa. Alipofika kwenye habari za mwaka 1996 aliomba kalamu. Haron alitaka kumnyang'anya, akidhani anataka kukata, lakini Baba akasema aachwe. Aliandika polepole, akatia sahihi. Wakili Nyawira ana nakala, na Jumatatu ataifikisha kortini. Maneno yake tunayasoma kama alivyoyaandika:

"Nzula alizichora nyumba zote, akakataa mara mbili kuzifuta. Mara ya tatu nilimwekea wembe mezani nikamwambia achague kazi au nyumba. Siku ya kikao nilikuwepo, nikanyamaza."

Mama, pumzika sasa. Mungu akulaze mahali pema.