Fundi Maulidi na Kigingi Nilichokisogeza

Assalamu alaikum, wazee wangu, mama zangu mliomo ndani, majirani na mafundi wenzangu. Mimi ni Ishaka, mtoto wa kwanza wa marehemu, na karatasi hii ameiandika baba mdogo Dadi jana baada ya magharibi, akanikabidhi niisome kabla hatujambeba mzee. Nitaisoma kama ilivyo, isipokuwa mstari wake wa mwisho, unaosema familia inamwombea marehemu msamaha kwa lile kosa la msikiti, kwa kuwa mstari huo siwezi kuusoma, na sababu mtaisikia leo, ingawa ilipasa muisikie miaka kumi iliyopita.

Marehemu Maulidi Bwanausi alizaliwa Miono tarehe 4 Mei 1948, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bwanausi, mkulima wa mihogo na korosho. Alisoma madrasa hapo hapo kijijini, akaingia shule ya msingi mwaka 1957 na kuishia darasa la nne mwaka 1960, si kwa ujinga, maana hesabu alikuwa nazo kichwani mpaka jana asubuhi, ila baba yake alihitaji mikono shambani.

Mwaka 1964 alipelekwa Bagamoyo mjini kwa mjomba wake aliyekuwa mwashi, akajifunza kazi kwa miaka mitano, na huko ndiko alikotoka na desturi yake moja ambayo mafundi wengi mliokaa hapa mnaikumbuka na mlikuwa mkimcheka nayo. Kila alipoweka kigingi cha kuseti msingi, yaani kupima na kuonyesha kuta zitakapopita, alifukia chini yake kipande cha kigae cha sahani iliyovunjika, akisema kigingi mtu hukikanyaga na ng'ombe huking'oa, lakini kigae kinabaki palepale kusema ukweli.

Tarehe 20 Septemba 1969 alimwoa mama yetu, Bi Rukaya binti Ally wa Msata, wakahamia hapa Mikoroshini, Kiwangwa, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watano, mimi nikiwa wa kwanza na Mardhiya wa mwisho. Mimi alinifundisha kazi mwenyewe, akinigombeza kwa ukuta uliopinda hata upana wa kidole, kisha jioni ananipakulia samaki wa bakuli lake.

Sasa nafika mwezi Agosti 1996, na hapa karatasi ya baba mdogo inasema tu kwamba marehemu alijenga msikiti wa kitongoji. Alichofanya marehemu ni kuseti, akapima kibla siku mbili nzima, akapiga vigingi vinne na kufukia vigae vinne, kisha akaitwa msibani Miono na kuniachia mimi kazi ya kuchimba msingi, nikiwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, na mke ninaye. Kona ya kaskazini mashariki kulikuwa na kisiki cha mkorosho, kikubwa, na jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa mvivu, basi nikakisogeza kigingi nyuma hatua moja na nusu, nikavigeuza na vile vingine ili kona zikae sawa, nikawaambia vijana wachimbe. Aliporudi kuta zilikuwa zimeshafika kiunoni, akapima kona akakuta ziko sawa, akanisifu.

Mkaswali humo miaka kumi na tisa. Tarehe 28 Mei 2015, siku ambayo jua la mchana husimama juu ya Makka, Ustadh Farhan alisimika fimbo uwanjani akafuata kivuli, ikaonekana msikiti wetu umepinda kwenda kulia kwa kibla, na tangu siku hiyo mikeka ikatandikwa mshazari. Ustadh aliwatuliza, akasema swala za asiyejua hazipotei, lakini nyinyi mnajua yaliyosemwa, wapo waliolia kwa ajili ya wazazi wao waliokwishazikwa. Baba alisimama baada ya Ijumaa akasema kazi ni yake na kosa ni lake, akaomba radhi. Mimi nilikuwa safu ya pili. Aligeuka akanitazama mara moja, nami nikatazama mkeka.

Tokea hapo hakuitwa kwenye kazi tena, watoto wa madrasa wakampachika jina la Fundi Mshazari, akawa anaitika, na kwenye swala akahamia safu ya nyuma kabisa karibu na viatu. Mimi niliwahi kucheka jina hilo pamoja na wenzangu kijiweni, Mungu anisamehe.

Mwaka 2016 mkaamua kuongeza baraza la msikiti, kazi mkanipa mimi, mkisema mtoto amemzidi baba, na nikaipokea. Baba alikuja kuniletea uji, akakuta vijana wanachimbua kile kisiki, na pembeni ya mizizi kimetoka kigae chenye maua ya buluu, hatua moja na nusu kutoka kona. Alikiokota, akakifuta kwa kanzu, akakitia mfukoni, akaniuliza kama nimekula. Habari ya kigae hakunitajia, siku ile wala miaka tisa iliyofuata.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua mwaka 2021, maradhi ya vumbi la saruji, na amefariki jana Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025, saa kumi jioni, mikononi mwa Mardhiya. Alimwachia Mardhiya kigae kile anipe, na wasia kwamba kaburi lake nilipime mimi, asipime mwingine.

Leo alfajiri nimelipima. Tulipochimba tukakutana na mzizi mnene wa mkorosho, na Mikdad, mmoja wa waliochimba nasi, kwa nia njema kabisa, akashauri tusogee kidogo tu. Nimekataa, nikashika shoka mwenyewe, mzizi umetoka, na kigae nimekifukia pale kilipo kigingi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kuteka maji tangu jana, na mafundi wenzake mliochimba nasi. Msamaha wa msikiti marehemu hauhitaji, anayeuhitaji ni mimi, nami sitaudai leo, ila nawaomba jambo moja, tukimswalia asiitwe lile jina, aitwe Fundi Maulidi Bwanausi, aliyepima kibla sawasawa.

Baba, pumzika. Safari hii sikusogeza.