Bi Hester Pengelly na Mwaka wa Kumi na Sita wa Mfalme

Jumanne, tarehe 25 Machi 2025, Bi Hester Pengelly anastaafu baada ya kulitumikia Jumba la Nyaraka la bandari yetu ya Trewarne, Uingereza, kwa miaka thelathini na tisa na siku ishirini na mbili. Ofisi ya utumishi ilimtaka aondoke mwisho wa mwezi kama watu wengine. Alikataa. Zamani mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, na Bi Hester akasema mwaka mpya atauanzia nyumbani kwake. Tuliozoea kubishana naye tuliiandika tarehe aliyoitaka.

Alianza kazi tarehe 3 Machi 1986, akiwa mwandishi wa kadi za orodha. Akapanda hadi kuwa mkuu wa chumba cha kusomea, na humo ndimo alimotutawala. Nyaraka zetu nyingi ni za enzi ambazo wafalme walitaka nchi za ng'ambo bila kutoboa mfuko wao. Waliwaandikia wafanyabiashara wa bandari hati yenye muhuri wa nta, wakawapa ardhi ambayo wao wenyewe hawajapata kuiona, na gharama za safari wakawaachia wafanyabiashara hao. Wageni wakija kutusifia mabaharia wetu waliojenga makoloni, Bi Hester huwasikiliza mpaka mwisho, kisha huwajibu.

"Mabaharia walisafiri, sikatai. Lakini kalamu iliyochora koloni ilikuwa London, na aliyeishika hakulowa hata soksi."

Tukitaja kalamu, tutaje na chupa. Chumba cha kusomea ni cha penseli tu, kwa sababu wino ukidondokea ngozi iliyoandikiwa hati miaka mia tatu iliyopita hautoki. Aliyeingia na kalamu ya wino alinyang'anywa, ikatupwa kwenye chupa kubwa ya jemu iliyo mezani kwa Bi Hester, na haikurudi. Meya mmoja alijaribu bahati yake.

"Bi Hester, mimi ni meya."

"Najua, kipenzi. Na huo ni wino."

Kalamu ya meya imo hadi leo. Yangu pia imo, ya siku yangu ya kwanza, nami bado naionea uchungu.

Wafanyakazi wapya wote aliwafundisha somo lilelile, huku akigonga meza: usiamini mwaka ulioandikwa mgongoni mwa hati kabla hujahesabu miaka ya utawala wa mfalme. Februari ya 1663 kwa waandishi wa zamani ni Februari ya 1664 kwetu, kwa kuwa mwaka wao ulikuwa haujageuka hadi 25 Machi. Na Mfalme Charles wa Pili alihesabu utawala wake tangu siku baba yake alipokatwa kichwa, Januari 1649 kwa hesabu yetu, kana kwamba ile miaka kumi na moja aliyokosa kiti haikuwapo. Anayesahau hayo hukosea mwaka mzima. Tulilisikia somo hilo hadi tukaweza kuigiza sauti yake na kugonga meza vilevile.

Mwezi Mei mwaka jana alikuja Bi Ardith Sampson kutoka Amerika. Watu wake wameishi kando ya mto mmoja tangu kabla ya mzungu yeyote kuuona, na juu ya mto huo kuna kilima walikozika wazee wao. Bi Ardith alinyang'anywa kalamu mlangoni, akakaa na penseli, akaomba hati ya kifalme iliyowapa kilima hicho wafanyabiashara watano wa Trewarne. Mkononi alikuwa na nakala ya mkataba wa Novemba 1663, ambao wafanyabiashara hao hao waliutia saini mbele ya chifu wa watu wake, wakiahidi kwamba makaburi hayataguswa. Hati ya mfalme inasema ahadi zilizotolewa kabla yake zitasimama, na za baada yake ni batili bila idhini ya mfalme. Kadi yetu ya orodha ilisema hati ni ya Februari 1663. Wanasheria wa mtu anayemiliki sasa shamba lenye kilima hicho walikuwa wameitumia kadi hiyo kumshinda Bi Ardith.

"Kwa hiyo mfalme wenu alitutangulia kwa miezi tisa?" Bi Ardith aliuliza.

"Kadi haijakosea," Bi Hester akamjibu. "Niliiandika mwenyewe."

Saa kumi alasiri, tukinywa chai na mikate ya zafarani, Bi Hester aliweka kikombe chini ghafla. Akarudi ndani, akasoma mstari wa mwisho wa hati: mwaka wa kumi na sita wa kutawala kwetu. Akahesabu kwa vidole, akarudia. Ilikuwa Februari ya 1664. Mkataba wa chifu ulikuwa umetangulia kwa miezi mitatu. Mwaka wa kwenye kadi aliunakili kutoka mgongoni mwa hati katika wiki yake ya pili kazini, kabla hajalijua somo ambalo baadaye alitugongea meza kwalo.

Mkurugenzi wetu, Bwana Piers Hallett, alimhurumia. Chumba cha kusomea kilikuwa karibu kupewa jina la Bi Hester.

"Hester, tusubiri ustaafu. Mtu mwingine atarekebisha kimyakimya."

"Mawakili wanaisoma sasa hivi, Piers. Kosa ni langu, nitalisahihisha mimi, leo."

Sheria yetu ni kwamba kadi yenye kosa haitupwi. Hukatwa kwa mstari mmoja, usahihi ukaandikwa chini, na kila mmoja akaweka herufi za kwanza za jina lake, aliyekosea na aliyesahihisha. Kadi hiyo sasa ina H.P. mara mbili. Aliandika pia barua kwa mawakili wa pande zote, akaeleza kosa bila kujitetea hata neno moja. Nilimwona akiifunga bahasha, na siku hiyo nilimpenda kuliko siku zote alizonifokea.

Mwezi uliopita ilikuja barua kutoka kwa Bi Ardith. Mwenye shamba amekubali kukirudisha kilima, na watu wa Bi Ardith wamemchagua yeye atie saini hati ya kukipokea. Aliomba jambo moja tu: arudishiwe kalamu yake.

Bi Hester alimimina chupa nzima mezani, akaipata, akaifuta kwa kitambaa, akaipeleka posta mwenyewe. Ndiyo kalamu pekee iliyowahi kutoka.

Asante, Bi Hester, kwa ukali wako na kwa kadi ile. Uwe na afya, bustani yenye maua, na chai isiyokatizwa. Mwaka mpya mwema. Chupa tutailinda, na kalamu yangu sitaidai.

Jowan Tregear
Chumba cha Kusomea