Lifti Iliyougua Kila Jumanne na Alhamisi

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mwendesha lifti wetu, ambaye jengo zima linamwita Juuchini, anastaafu Ijumaa tarehe 30 Juni, akiwa na umri wa miaka sitini, meno yote mdomoni na kiuno kinachokunjika bila kulia. Ilibaki kidogo asistaafu. Ilibaki kidogo afukuzwe kazi siku kumi na moja kabla, na jambo lenyewe limetuacha tumeduwaa kuanzia getini hadi ghorofa ya nane. Wenye shahada zao walipoombwa waandike wasifu huu walisema hawajui waanzie wapi, kazi ikamwangukia tarishi. Mimi shule niliiacha katikati, kwa hiyo nitaanzia chini.

Aliajiriwa hapa kijana wa miaka ishirini na sita, mfagizi wa ngazi. Ngazi za jengo hili ni mia moja hamsini na mbili kutoka mlango mkuu hadi juu, na yeye anazijua moja moja, pamoja na ile ya ghorofa ya tatu iliyomeguka pembe, ambayo imeshanila soli mbili. Miaka sita alifagia. Miaka tisa akawa msaidizi wa mwendesha lifti wa zamani, mzee mmoja mnene, mcheshi, aliyekaa juu ya stuli yake kutwa nzima na kubonyeza vitufe kwa kidole kimoja. Mzee yule alipostaafu, Juuchini akakabidhiwa lifti, na tangu hapo imepita miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza aliitoa ile stuli akaipeleka stoo. Tulidhani anajipendekeza kwa wakubwa.

Mazoea yake yanajulikana, maana hakuna aliyepanda lifti akaachwa asihubiriwe. Alfajiri akiamka, glasi mbili za maji kabla ya kitu kingine chochote kupita kooni. Kazini anakuja kwa miguu, dakika arobaini, na akifika anasimama uani upande wa jua la asubuhi akinyoosha mikono kama anayekaguliwa mfukoni. Tunda analila kabla ya chakula. Tonge analitafuna mpaka wewe uliyekaa naye umeshamaliza sahani na kuanza kuitazama yake. Saa moja jioni chakula kimekwisha, saa tatu amelala. Mafunzo haya aliyapanga kwa ghorofa. Ukishuka ya pili umepata somo la maji tu. Wa ya tano wanajua maji, jua na matunda. Somo la usingizi walilipata wa ghorofa ya nane peke yao, na hao ndio wakubwa, waliokuwa wanasinzia ofisini bila kufundishwa.

Sisi wengine tulimcheka. Nilimwambia mara nyingi kwamba atakufa akiwa mzima kabisa, na daktari ataona haya kuandika cheti. Naye hakukasirika. Alinijibu kwamba mimi nitaugua nikiwa hai, na hilo ndilo refu.

Sasa tuje kwenye lifti yenyewe.

Kwa miaka kumi na tisa, lifti ya jengo hili ilikuwa inaharibika kila Jumanne na kila Alhamisi, tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Mtu wa nje atashangaa kwamba hatukushangaa. Tulikuwa na maelezo. Karani wa masjala alisema ni umeme, kwamba siku hizo majirani wanatumia mwingi. Mpishi wa kantini alisema ile lifti ina shetani mwenye ratiba. Kila mwaka ofisi iliandika maombi ya lifti mpya, na maombi hayo niliyabeba mimi kwa ngazi, kwa sababu yalikuwa yakikamilika Alhamisi. Juuchini alikuwa anatundika kibao cha MBOVU, anapanda kwenye chumba cha mashine juu ya paa, anarudi na grisi mikononi na nyingine shavuni, na kutikisa kichwa kama mtu aliyetoka kumtazama mgonjwa mahututi. Tulimpa pole. Mimi mwenyewe nilimnunulia sabuni.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyebisha. Ni mhasibu wetu wa ghorofa ya tatu anayetembea kwa magongo. Yeye alisema hajawahi kuikuta lifti mbovu hata siku moja, na sisi tukamwona anajidai. Wanawake wajawazito nao walisema hivyo hivyo. Ikaaminika kwamba lifti inaheshimu mimba. Watu wazima, wenye vyeti, tulikaa kantini tukalikubali hilo na kuendelea kunywa chai.

Mwezi wa tano mwaka huu goti langu likaanza kulalamika, nami nikalalamika kwa niaba yake. Niliandika barua kwa mkurugenzi mpya, aliyehamishiwa kwetu miezi sita iliyopita. Niliandika kwa hasira na kwa hati mbaya, kwamba tarishi mwenye miaka hamsini na tisa hawezi kubebeshwa mafaili kama punda wakati fundi halisi hajawahi kuitwa. Sikumtaja Juuchini. Nilikuwa nataka lifti itengenezwe, basi. Mkurugenzi hakuchelewa, akaita fundi kutoka kampuni iliyoiweka.

Fundi alikaa juu ya paa siku mbili. Aliposhuka alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa mbele ya macho yake. Alisema mashine ni nzima, haina hata dalili, na imetunzwa kuliko zote alizowahi kufungua. Kitu kimoja tu alikiona. Swichi kuu ilikuwa imelika upande mmoja, inang'aa, kwa kushikwa na kidole kile kile miaka na miaka. Na pembeni yake kulikuwa na kopo dogo la grisi safi, lisilohusiana na mashine ile wala nyingine yoyote duniani.

Sijui niseme vipi tulivyopokea habari hiyo. Kantini vijiko vilisimama. Mpishi alikaa chini juu ya gunia. Karani wa masjala, aliyepanda ngazi zile akiwa na homa, na siku nyingine akiwa amefiwa, alitoka nje akazunguka jengo mara mbili. Mimi nilijiona mjinga wa kwanza, kisha msaliti wa kwanza, ndani ya nusu saa. Barua yangu ndiyo iliyomleta fundi, na rafiki yangu wa miaka thelathini alikuwa amebakiza wiki mbili tu atoke kwa heshima. Sasa angetoka kwa barua ya kufukuzwa, mtu wa miaka sitini, akawaeleze wajukuu kwamba alidanganya serikali kuhusu swichi.

Nyumbani kwake hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilikwenda kuomba radhi, nikamkuta shemeji, mkewe, ameweka mezani mashati manne meupe yenye madoa ya grisi. Yeye naye alikuwa hajui lolote. Juuchini alikuwa ameketi kwenye kona kama mwanafunzi aliyefelishwa.

"Shemeji, nitazame mimi," mkewe aliniambia. "Miaka kumi na tisa nafua grisi ya uongo."

Nilimwahidi sabuni, nikatoka.

Kamati ya nidhamu iliitwa Alhamisi tarehe 15, saa tatu asubuhi, ukumbi wa ghorofa ya nane. Mwenyekiti ni mkurugenzi mwenyewe. Shahidi ni mimi, kwa ajili ya ile barua. Na asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, lifti ilikuwa mbovu kwelikweli, maana fundi alikuwa ameondoka na kifaa kimoja cha mashine akakipime. Kila mtu akapanda kwa miguu. Mama wa utumishi, wa miaka hamsini na saba, alifika juu na jalada la mashtaka chini ya kwapa, akaanza kulipanga mezani huku akiulizia chai. Mwanasheria alifika akipiga mluzi. Mhasibu wa magongo peke yake aliruhusiwa asije.

Juuchini na mimi tulikuwa nyuma, tunapanda kama watu wanaokwenda kuzika. Tulipokata kona ya ghorofa ya sita tukamkuta mkurugenzi. Ana miaka arobaini na minne. Kwake anatoka anaingia kwenye gari, kwenye gari anaingia kwenye lifti, kwenye lifti anaingia kwenye kiti, na siku za kibao alikuwa anapanga vikao vya nje. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, rangi imemtoka, mkono kifuani, tai imemkaba, anatafuta hewa ambayo ilikuwa imejaa pale tele.

Nilipigwa na bumbuwazi. Juuchini hakupigwa. Alimfungua tai, akamfungua kishikizo cha juu, akamwegemeza ukutani, akanituma mbio nikamlete muuguzi wa zahanati yetu ya chini. Goti langu lilishuka ngazi mia moja na kitu bila kuniuliza. Niliporudi na muuguzi nilimkuta mshtakiwa amekaa kando ya mwenyekiti wa kamati yake, amemshika kiganja, anamhesabia pumzi polepole. Muuguzi alipima presha, akapima tena, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba bosi anakwenda hospitali sasa hivi, hakuna cha kikao. Alishushwa amekaa kwenye kiti cha mapokezi, akibebwa na watu wanne, na mmoja wa hao wanne ni yule aliyekuwa anakwenda kufukuzwa.

Kikao kilifanyika Jumatatu tarehe 19. Mkurugenzi alirudi amepungua majivuno, na dawa mfukoni. Mtu asidhani alikuja kusamehe. Alikuja amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Alimwambia Juuchini mbele yetu sote kwamba ameyaona mwenyewe yanayoweza kumpata mtu kwenye zile ngazi. Akamuuliza angesema nini kwa familia kama mtu mwingine angeanguka katika miaka yote ile.

Rafiki yangu alisimama, na kwa mara ya kwanza hakuanza na somo.

Akasema, "Ndiyo maana sikuwa juu ya paa. Nilikuwa kwenye ngazi, na jagi la maji, kila Jumanne, kila Alhamisi. Niliyemwona hawezi, nilimwashia lifti."

Na hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, na mpaka leo sijaufunga sawasawa. Ni kweli. Tulikuwa tunakutana naye ngazini saa zote, anapanda, anashuka, anakupokea boksi, anakupa maji, anakuuliza umelalaje. Tulidhani anatafuta vipuri.

Aliulizwa kilichomtia wazimu huo. Akaeleza habari ya mzee wa stuli, aliyemfundisha kazi. Mwezi mmoja baada ya kustaafu, yule mzee aliletwa na wanawe kutusalimia. Mlango wetu mkuu una vingazi vitatu. Alishindwa kuvipanda. Aliyewapandisha wenzake ghorofa nane kwa miaka ishirini na zaidi alisimama pale chini, miguu imevimba, akacheka ili tusione, akarudishwa kwenye gari. Sisi tulimpungia mkono kutoka dirishani. Juuchini alikuwa mlangoni, akamwona uso. Jumanne iliyofuata alipanda juu ya paa akazima swichi.

"Kudanganya naomba radhi," akamalizia. "Ngazi siziombei radhi."

Mwanasheria alitaka maneno hayo ya mwisho yafutwe kwenye kumbukumbu. Mkurugenzi alisema yabaki. Walitutoa nje, tukakaa kwenye benchi dakika ishirini ambazo kwangu zilikuwa ndefu kuliko utumishi wangu wote. Tulipoitwa ndani, mama wa utumishi alisoma uamuzi kwa sauti kavu. Mtumishi amepatikana na kosa. Amepewa onyo kali la maandishi, litakalodumu kwenye jalada lake kwa miaka miwili. Atakabidhi ufunguo wa chumba cha mashine leo hii. Na atastaafu tarehe yake, kwa heshima zote. Alipofika kwenye heshima, sauti yake ilikuwa imelowa.

Kwa hiyo Juuchini ndiye mtumishi pekee wa ofisi hii anayestaafu akiwa chini ya onyo, na tunamwonya rasmi asirudie kosa hilo hapa kazini kwa miaka miwili ijayo.

Mimi si daktari, na wala sitawaambia kwamba ngazi zinatibu kitu. Goti langu, kwa mfano, lina maoni yake. Nawaambia nilichokiona tu. Jumanne iliyopita lifti ilikuwa nzima, mlango wazi, taa inawaka, Juuchini amesimama ndani na kola imenyooshwa. Karani wa masjala akampita akamwamkia, akapanda ngazi. Mpishi akapita. Mwanasheria akapita na mluzi wake. Mama wa utumishi alifika ghorofa ya nne ndipo akakumbuka kwamba hakuna mtu aliyemlazimisha, akasimama, akatukana kidogo, akaendelea. Lifti ilibeba watu wawili asubuhi nzima, mhasibu wetu wa magongo na mgeni aliyepotea njia. Nilipomchungulia mwenye lifti nilimkuta anajifuta macho, na safari hii hapakuwa na grisi ya kusingizia.

Sherehe ni Ijumaa saa nane mchana, ukumbi wa ghorofa ya nane. Shemeji atakuwepo, na ameomba asikabidhiwe zawadi yoyote ya nguo nyeupe.

Ndugu yetu, asante kwa kutudanganya kwa uangalifu, na asante kwa maji. Nenda nyumbani ukaamke mapema bila sababu, utembee popote miguu itakapo, ulale saa tatu kama ulivyotutesa kwa kutuhimiza. Tunakuombea siku nyingi, nyepesi, zisizo na kibao mlangoni. Mimi nakufuata mwakani, kwa miguu.