Wiki Tatu Nilizosomewa na Mzee Shomari

Ndugu zangu katika Bwana, sifa zote zimrudie Mungu aliyenipa pumzi ya kusimama mbele yenu. Mimi ni Benedikto, seremala, mtu wa Masasi. Wengine huokolewa kutoka katika pombe. Mimi niliokolewa kutoka katika dharau.

Miaka ile ya hamsini, enzi za Mwingereza, mimi na mke wangu Agnesi tulipanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya Mzee Shomari. Alikuwa karani mstaafu wa bandarini, Mwislamu asiyekosa swala. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la mbao na misumari la Bwana Jayanti, Mhindu, ambako nilinunua vifaa vyangu vya kazi.

Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, nikadhani nimemaliza kumjua Mungu. Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda viwanja vya Mnazi Mmoja, nikasimama juu ya sanduku na kuwaambia wapita njia kwamba dini zao ni giza. Siku moja Mzee Shomari alipita akitoka kuzika. Nikamnyooshea kidole mbele ya watu.

"Mtazameni baba mwenye nyumba wangu," nikasema. "Anainama mara tano kwa siku na hajui anamwinamia nani."

Watu walicheka. Yeye alisimama kidogo, akanitazama, akaenda zake. Asubuhi yake nilimwamkia shikamoo kwa mazoea, naye akaitikia marahaba kama siku zote. Hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angenitukana. Na Bwana Jayanti nilimwambia dukani mwake kwamba anaabudu vinyago. Alinipimia misumari yangu akanirudishia chenji.

Mwaka mmoja Agnesi alisafiri kwenda Masasi kwenye msiba wa baba yake. Wiki hiyohiyo nilikuwa napigilia mlango, msumari ukakatika, kipande kikaniingia jicho la kulia. Hospitalini walikitoa, lakini jicho likatunga usaha.

"Jicho moja likicheza, la pili linalifuata," daktari akaniambia. "Nitayafunga yote mawili kwa wiki tatu. Baada ya hapo ndipo tutajua kama utaona."

Ndugu zangu, seremala asiyeona ni nani? Wenzangu wa kanisani walikuja Jumapili wakaniombea, wakarudi kwenye shughuli zao. Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu. Nilijaribu kuomba, maneno yakanikauka. Kufika Jumatano niliamini kwamba Mungu ameniacha.

Asubuhi ile nikasikia, "Hodi, fundi." Alikuwa Mzee Shomari. Alinishikisha kikombe cha uji, akangoja nimalize, kisha akauliza, "Kitabu chenu umekiweka wapi?"

Nikaogopa. Nilidhani amekuja kulipiza. "Unakitakia nini, mzee?"

"Kila asubuhi nilikuwa nakusikia ukisoma, ukuta wetu mwembamba. Siku hizi sikusikii. Nimekuja nikusomee."

Akanisomea. Mwislamu yule niliyemfedhehesha alinisomea Maandiko yetu polepole kama karani anayesoma barua ya mtu mkubwa, wala hakuruka neno. Alipofika kwa Ibrahimu akasita.

"Huyu ni babu yetu pia," akasema. "Wana wa Israeli wanamfikia kupitia kwa Isaka. Kwetu, Mtume wetu ni wa uzao wa Ismaili."

Nikamwuliza dini yao ilianzaje. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwuliza mtu wa dini nyingine swali nisilokuwa na jibu lake tayari. Akanieleza habari za Mtume wao, yatima wa Makka, aliyekuwa akijitenga pangoni mlimani. Malaika alivyomjia akamwamuru asome, naye hajui kusoma. Alivyorudi nyumbani akitetemeka, mkewe akamfunika nguo na kuwa wa kwanza kumwamini. Akaniambia wanamheshimu Isa kama mtume, na kwamba Mariamu mama yake ana sura nzima katika msahafu. Mimi niliyewahubiria miaka minne sikulijua hata hilo.

Wiki ya pili Bwana Jayanti alikuja na maziwa ya moto yenye iliki, akaketi nasi. Nikamwuliza, "Na dini yenu, aliianzisha nani?"

"Hakuna mtu mmoja," akajibu. "Wazee wetu wa zamani sana, kando ya mto Sindhu huko Bara Hindi, walishika sala zao kichwani. Baba akamfundisha mwanawe, hivyo hivyo, kabla hazijaandikwa. Sisi tunasema ukweli ni mmoja, lakini binadamu hawezi kuukumbatia wote, kwa hiyo tunauendea kwa sura nyingi."

Akasema pia kwamba roho hurudi katika mwili mwingine, na matendo ya mtu humfuata huko. Akatusimulia juu ya mwana wa mfalme wa nchi zao aliyeona mzee, mgonjwa na maiti, akaacha jumba lake akatafute mwisho wa mateso. Wafuasi wake waliotoka kisiwa cha Seiloni wana hekalu lao hapahapa mjini.

Msidhani tulikubaliana. Mzee Shomari alizikataa sanamu waziwazi, na Bwana Jayanti akacheka bila kinyongo. Nami nikawaeleza habari za msalaba, jinsi Mungu alivyotupenda hadi kufa. "Hapo, fundi, tunaachana njia," Mzee Shomari akasema, akanimiminia kahawa.

Bwana Jayanti alipoondoka nilishindwa kujizuia. "Mzee, siku ile Mnazi Mmoja nilikukosea. Nisamehe."

Aliweka kikombe chake chini. "Nilikasirika," akasema. "Nilitaka kukutoa katika nyumba yangu. Nikaswali kwanza. Nikaona Mungu ataniuliza nilimtendea nini jirani yangu. Hataniuliza jirani alinisema nini."

Nikalia. Akanishika bega. "Usilie, fundi, utaharibu kazi ya daktari."

Bandeji zilipotolewa, jicho la kushoto liliona sawasawa. La kulia huona mwanga tu hadi leo. Agnesi aliporudi akanikuta barazani na wazee wale wawili, nawasikiliza. Aliniambia kwamba sauti yangu imebadilika.

Ndugu zangu, mimi ni Mkristo, na namwamini Yesu kuliko nilivyomwamini nikiwa juu ya lile sanduku. Wakati ule nilikuwa namlinda kama mtu anayelinda kitu kinachoweza kuvunjika. Namshukuru kwa jicho aliloniachia, na kwa wanaume wawili wasionijibu kwa kipimo changu. Nawe unayeogopa kuketi na jirani wa imani nyingine usije ukapotea, mtumaini Mungu. Nenda kwake leo, mbishie hodi, muulize anaamini nini, kisha umwache amalize kusema.