Mama Tangazo na Shauri la Mtaa Wetu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, yule fundi pikipiki, nimepewa kazi hii kwa sababu katika ukoo wetu sauti kama yangu haijapata kuzaliwa, kaka yangu pale anatikisa kichwa lakini na yeye anajua, basi niwieni radhi nitakapojikwaa, maana shule na mimi tuliachana mapema, ingawa kwa amani.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu karibu na stesheni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, na marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo alilia kwa nguvu hata treni ikachelewa kuondoka, jambo ambalo sikuliona kwa kuwa nilikuwa sijazaliwa, lakini nalithibitisha.

Alianza shule ya msingi Januari 1971, akapendwa na walimu kwa kusoma kwa sauti iliyonyooka, akaingia sekondari, lakini mwaka 1979, akiwa kidato cha pili, baba aliumia mgongo kazini, dada akaacha masomo akaenda kujifunza cherehani ili sisi wadogo tusome, na matokeo yake ndiyo haya mnayoyaona yamesimama mbele yenu.

Tarehe 3 Februari 1983 alifungua kazi yake ya kushona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba hii, na humo ndimo alimoingia shemeji yetu, fundi bomba, kupimwa suruali, akarudi ipunguzwe, akarudi tena ipunguzwe, hadi suruali ikakaribia kuwa kaptula, ndipo mama akamwambia, mwanangu, sema shida yako nguo tuiache. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1985, wakajaliwa binti, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1987, na wavulana wawili waliomfuata, na katika miaka yao yote sikuwahi kumsikia shemeji akimpandishia dada sauti, kwanza ya dada angeishindia wapi.

Jina la Mama Tangazo alilipata ukubwani. Novemba 2009 walikuja wapimaji wa barabara wakatuchorea alama nyekundu za kuvunjiwa kwenye kuta zote za mtaa, tukawauliza kwa idhini ya nani, wakajibu kwamba tangazo lilishatoka kwenye Gazeti la Serikali, na muda wa kuweka pingamizi ulishapita. Mtaa mzima hakuna aliyewahi kulishika gazeti hilo, wengine tulidhani wanasema lile la michezo. Dada alifunga cherehani, akaenda hadi duka la machapisho ya serikali, akapekua nakala za nyuma, akalikuta tangazo letu chini kabisa ya ukurasa, limebanwa kati ya hati ya kiwanja iliyopotea na mirathi ya mtu tusiyemjua, akaja akatusomea hapa hapa uani, akasema, "Jamani, tumeuzwa mchana kweupe, na sisi tupo." Uwanja huu mlioukalia ndugu zangu, na chumba alichoshonea, vyote viko ndani ya barabara hiyo.

Tangu hapo kila Ijumaa alilinunua, akalisoma kwa sauti huku akipima wateja, ukija kuchukua sketi ya mtoto unaondoka na sketi, sheria ndogo mpya ya masoko, na majina ya waliofilisika. Ndimo alimoona kwamba jirani yetu mmoja, yupo hapa leo na simtaji, amebadili jina lake kisheria, akamsalimu kwa jina jipya mbele ya mkewe, ambaye alikuwa hajaambiwa, na mke akasema, "Haya, huyo bwana mgeni atalala wapi?"

Mwaka 2011 mtaa ulifungua shauri kuomba tusikilizwe kabla ya kuvunjiwa, dada akiwa mwombaji wa kwanza. Tarehe 12 Machi 2013 alituongoza mahakamani tukiwa tumepiga pasi, tukaketi chumba namba mbili, tulichozoea kuketi, tukatulia kama watoto wa kwaya, kumbe shauri letu lilikuwa limehamishiwa kwa hakimu wa chumba namba tano, na orodha ya siku ilikuwa imebandikwa ubaoni kwenye korido, tumeipita wote hatukuisoma. Tulimsikia karani wa chumba hicho, nyuma yetu, akiita majina, ukuta ule ni mwembamba, tukadhani anaita watu wengine, na mjomba akanong'ona kwamba hao wasiokuja mahakamani ni wazembe sana. Shauri likafutwa kwa waombaji kutohudhuria.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza, alimwambia shemeji, "Wangenitukana ningelala." Kuanzia kesho yake, kabla ya kufungua kazi, alikwenda kuusoma ubao ule, akasoma na ya wengine, akawa anapita kuwaambia wa kesi za ndoa, wa kesi za mipaka, na mama za vijana wa rumande, leo unaitwa, chumba fulani, usichelewe. Akaomba shauri letu lirudishwe, likakataliwa, akaomba tena, na mwaka 2015 likarudishwa kwa onyo kwamba tukikosekana mara nyingine halifufuki. Toka hapo lilikuwa la kuahirishwa, mara hakimu amehamishwa, mara jalada halionekani, mara wakili wa serikali anaumwa, dada akawa anarudi, anavua viatu, anasema, "Tumetajwa tu, hatukusikilizwa," anaendelea kushona.

Septemba mwaka jana moyo ulianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, ngazi za mahakama zikamshinda, kazi ya ubao akamkabidhi binti yake. Alipolazwa Mei alimuuliza daktari kama amekuja kutajwa au kusikilizwa, daktari akacheka, dada hakucheka, alitaka jibu. Jumatatu tarehe 2 Juni, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, dada yetu alituacha.

Sasa niwaeleze kwa nini binti yake hamumwoni hapa, maana minong'ono nimeisikia, masikio yangu ni mazuri kama sauti yangu. Shauri letu lilipangwa kusikilizwa mwezi ujao. Jana asubuhi, kaburi limeshachimbwa na wageni wa mbali wameshafika, binti alipita ubaoni kama alivyoagizwa na mama yake, akakuta limewahishwa, ni leo, saa tatu, chumba namba moja. Kikao cha ukoo kilikuwa kizito, baba yake mdogo alisema, "Mama hazikwi mwanawe akiwa kwa hakimu, watu watasemaje?" binti akamjibu kwa heshima zote, "Baba mdogo, waje waseme, ila wawe na uwanja wa kukalia wakisema." Leo alfajiri akaingia kumuaga mama yake peke yake, alikaa sana humo, akatoka akanawa uso, akaenda, na nusu ya mtaa wakamfuata, kwa hiyo viti mnavyoviona vitupu si dharau. Udongo wa kwanza atautupa mdogo wake kwa niaba yake, na simu yangu nimeiacha wazi, ikilia msinione sina adabu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia alivyowasomea sheria, mafundi cherehani wenzake, waliomalizia sare alizoziacha zimekatwa, majirani kwa maji, kuni na machozi, na karani mmoja wa masjala ya mahakama, aliyekuja jana jioni akakaa nyuma. Shemeji yetu, pole, wewe ni wetu, hata nyumba hii ikivunjwa.

Lala, dada yangu, upumzike kwa amani yake Mola, saa hizi wanakuita, na mwanao amesimama.