Pua ya Muganyizi

Kwenye kivuko cha Kigongo, mwaka 1994, Muganyizi alijifunika kitambaa usoni akiwasikiliza wanawake wawili wakimsema, wasijue kwamba yuko nyuma yao.

"Unamkumbuka Muganyizi, yule mwimbaji wa bendi? Enzi zake, kila Jumamosi Mwanza nzima ilihamia ukumbini kwake. Nasikia huko Dar kokeini imemtoboa pua mpaka imebonyea."

"Uongo huo, Modesta! Pua yake ilinyooka vizuri, na akicheka, sisi wa rika lake sote tulikuwa hoi."

Muganyizi alitamani kumshukuru, lakini siku hizi sauti yake ilitokea puani. Kivuko kilipogusa Busisi, akamtwisha yule aliyemtetea kikapu chake. Kitambaa kikateleza. Mwanamke akamtazama usoni kidogo.

"Asante, mzee," akasema, akateremka.